Rozalia Aliyeyakataa Maziwa ya Mama Yake

Rozalia wangu anastaafu! Haya, sasa habari zenu wafanyakazi wote wa kituo cha maziwa Gungu. Shikamoo zenu nimezipokea, marahaba. Bi Rozalia Gervasi anamaliza kazi tarehe 30 Juni 2017, baada ya miaka thelathini na mitatu ya kazi ya maziwa. Bwana Mwinshehe, mkuu wa kituo, alitaka wasifu uandikwe na mtu anayemjua mstaafu tangu mwanzo. Nani tena zaidi yangu? Nilimzaa. Shule niliishia darasa la nne, lakini mwandiko wangu unasomeka.

Rozalia aliajiriwa mwaka 1984 kuosha madebe. Haukupita mwaka akawa ananusa maziwa na kukwambia ng'ombe alilala wapi. Wakampeleka kozi, akarudi na sanduku la vichupa na neno jipya: kimeng'enya. Tulilichoka! Hata kwenye harusi ya mdogo wake alimshika bwana harusi, akamweleza kwamba maziwa mabichi yana kimeng'enya chake, mlinzi wa asili anayewazuia vijidudu kwa saa chache, ndiyo maana maziwa yaliyokamuliwa alfajiri hufika mjini hayajachacha. Ila mlinzi huyo hawamalizi vijidudu wote, na ukichemsha maziwa, naye anakufa. Bwana harusi aliitikia tu. Alikuwa na njaa.

Mwaka 1997 wakimbizi walikuwa wakishuka ufukweni mwa ziwa kila siku, na kituo kikawa kinawapelekea watoto wao maziwa. Amri ya Rozalia ilikuwa moja: yachemshwe, maana matumbo ya watoto wale yalishateseka vya kutosha kwa kuhara. Mchemshaji nilikuwa mimi, nikisaidiwa na Générose, mama aliyekimbia kutoka Burundi.

Siku moja sufuria likafurika, maziwa yakazima kuni. Nikaona aibu. Watoto sitini, maziwa yaliyobaki vikombe hamsini na viwili! Yalipopoa nikaongeza vikombe vinane vya mabichi, kwa huruma tu.

"Yoo, Mama Rozalia! Binti yako atajua," Générose akaniambia.

"Atajulia wapi? Mimi ndiye niliyemnyonyesha!"

Rozalia akaja, akaniamkia kwa adabu zote, akachota kidogo, akadondoshea dawa yake ya kupimia kutoka kwenye kichupa. Maziwa yakawa bluu kama sketi ya shule.

"Mama," akasema mbele ya watu wote, "mlinzi bado yuko hai humu. Kuna mabichi. Haya hayanywi mtoto."

Sufuria likarudi motoni, watoto wakasubiri, mimi nikanuna siku tatu. Lakini mwaka ule wote hakuna mtoto aliyeharishwa na maziwa yetu. Siku ya nne nikaanza kumsifu, na sijanyamaza mpaka leo.

Asanteni kwa kunitunzia mwanangu. Rozalia, pumzika sasa, fuga ng'ombe wako wawili, ulale mpaka jua likuchome, Mungu akuongezee siku njema.

Maziwa ya chai ya sherehe ya kumuaga nachemsha mwenyewe. Générose, ambaye siku hizi anauza dagaa kule Katonga, atanichungia moto. Kabla sijatia majani, Rozalia atafungua kichupa chake apime mbele ya kila mtu, na safari hii yatabaki meupe pe! Njooni nyote mshuhudie, hapo hapo kituoni, Jumamosi tarehe 8 Julai.