Bwana Foleni na Barua Iliyopotea Mapokezi

Ndugu waombolezaji, majirani, wafanyakazi wa marehemu, na ninyi mliosimama kule nyuma kwa kukosa viti, kabla sijaanza naomba kila mmoja aniapie moyoni kwamba atakayoyasikia hapa hayatavuka lango lile, maana mengine niliapa mbele ya marehemu mwenyewe, mkono wangu juu ya mkono wake, kwamba sitamwambia mtu, naye akaniapia vivyo hivyo mpaka siku ya kumzika, na kwa kuwa siku yenyewe ndiyo hii, kiapo changu nakivunja sasa hivi, lakini chenu kishikeni.

Mimi ni dada yake mkubwa, elimu yangu ni ya darasa la nne na masikio mawili, na wifi yangu alitaka vijana wa ofisini wanichapie historia hii kwa kompyuta, nikamwambia hapana, nitaandika kwa mkono wangu, kwenye karatasi zangu mwenyewe, nene na nzuri, ambazo nimezitunza miaka tisa na upande wa nyuma ulikuwa bado mweupe.

Marehemu alizaliwa Jumanne, tarehe 9 Machi 1971, saa kumi na moja alfajiri, katika chumba cha nyuma cha nyumba ya kupanga jirani na kiwanda cha sabuni, akiwa mtoto wa tano na wa mwisho wa baba fundi cherehani na mama mfua mashuka wa hospitali, nami nikiwa na miaka kumi na moja ndimi niliyechemsha maji, na alitoka amekunja ngumi, mkunga akasema huyu kuna kitu amekishika na hataki kukiachia.

Alianza shule ya msingi mwaka 1978 akamaliza 1984, na akiwa darasa la tano aliifungua kengele ya umeme ya shule akairekebisha ili mapumziko yaje dakika kumi kabla ya saa yake, akachapwa viboko sita, halafu tangu siku hiyo kengele ikiharibika mwalimu mkuu alimwita yeye, na viboko havikutajwa tena. Alisoma sekondari kuanzia 1985 hadi 1988, kisha chuo cha ufundi kuanzia 1989 hadi 1991, akapata cheti cha ufundi wa vifaa vya umeme, cheti ambacho nilikitunza mimi chini ya godoro langu, pamoja na mambo mengine.

Kuanzia Januari 1992 alikuwa na meza moja na taa moja katika ujia mwembamba kati ya duka la vioo na duka la viatu, akitengeneza mashine za kuandikia, baadaye kompyuta, na hapo ndipo wifi yangu alipomletea mashine ya kuandikia ambayo herufi moja ilikuwa inakwama, akairudisha mara nne ndani ya mwezi mmoja, na mimi niliyekuwa nakaa pale kwenye kiti cha wateja natoa ushahidi kwamba mashine ile ilipona siku ya kwanza. Wifi, usiniangalie hivyo, hapa wote watu wazima. Walifunga ndoa Jumamosi, tarehe 5 Desemba 1998, wakajaliwa binti tarehe 21 Oktoba 1999 na mvulana tarehe 2 Mei 2003, na wote wawili mnawaona pale mbele, wana vidole vya baba yao.

Mwaka 2009 mama yetu alipougua, marehemu alimpeleka hospitali, akamwona akikaa kwenye benchi la mbao tangu alfajiri hadi alasiri, mkono kiunoni, halafu akaambiwa daktari ameshaondoka arudi kesho, na kesho ikawa hivyohivyo. Mama alipofariki mwaka uliofuata, marehemu hakulia mbele ya watu, alikwenda kununua daftari akaanza kuchora mistari, na kutokana na mistari ile ikatoka programu inayomtumia mgonjwa ujumbe kwenye simu na kumwambia zamu yake itafika saa ngapi, ili asubiri kwake kitandani, ndiyo maana mjini wakamwita Bwana Foleni, jina ambalo alijifanya halipendi.

Kampuni yake ilifunguliwa tarehe 14 Machi 2011, ghorofani juu ya lile duka la vioo, ikiwa na vijana wanne waandishi wa programu, meza mbili, na sehemu moja ya mapokezi aliyokaa mzee mmoja mstaafu aliyepanga barua za posta kwa miaka thelathini bila kupoteza hata moja, Mzee wa Mapokezi, ambaye leo amekaa kiti cha mwisho kabisa karibu na ukuta, naomba mumkumbuke.

Wakati huo serikali yetu ilitangaza kwamba kampuni changa za teknolojia zitasamehewa kodi miaka mitatu, marehemu akavaa shati la harusi akaenda kwenye dirisha la maombi, akaenda mara saba, na mara ya saba nilimsindikiza kwa sababu sikuamini masimulizi yake, nikasikia kwa masikio yangu.

"Mzee, hesabu za faida za miaka mitatu ziko wapi?" karani akauliza.

"Kampuni ina miezi saba."

"Basi subiri itimize miaka mitatu, halafu uje uombe msamaha wa kampuni changa."

"Ikitimiza si haitakuwa changa tena?"

"Ndiyo maana wengi hawapati," karani akasema, tena kwa upole, akamrudishia faili.

Nchi za wenzetu nazo hazikulala. Mimi nilikuwa nampelekea marehemu chakula cha mchana kila siku, nakaa pale mapokezi kusubiri chombo, na habari nilizipata zote, vijana wale walikuwa hawali bila kupiga hesabu za mishahara ya watu wengine. "Mwenzetu aliyevuka mpaka analipwa mara tatu na nusu," anasema mmoja. "Huko ni kidogo, kule kwenye baridi ni mara saba," anajibu mwingine. Nikiwauliza, je, kodi ya chumba kule ni kiasi gani, wananiambia, "Shangazi, usituharibie hesabu." Marehemu aliposikia hakuwakasirikia, aliwaambia wenye mishahara hiyo hawasemi uongo, ila kila mtu aandike kitakachobaki mfukoni baada ya chumba, nauli, na cha kumtumia mama, na walipoandika, mara saba ikawa mbili na ushee, na mara tatu na nusu ikabaki tatu kasoro, nao wakaipigia mstari, kwa sababu tatu kasoro si mchezo.

Jumatano, tarehe 3 Juni 2015, saa saba mchana, ilifika bahasha nene kutoka serikali ya nchi ile ya kuvuka mpaka, yenye muhuri mwekundu, ikimwita marehemu ahamishie kampuni yake kule, miaka mitano bila kodi, jengo la bure, na serikali kulipa nusu ya mshahara wa kila kijana kwa miaka miwili, na ndani mlikuwa na fomu kumi na moja, moja kwa kila kijana, kwamba hata kampuni isipohama kijana anayetaka ajaze aende peke yake, ila fomu iwe ileile yenye muhuri na ifike kabla ya tarehe 30. Mzee wa Mapokezi alitia sahihi kwamba ameipokea, akaiweka juu ya meza yake, akaenda kumwita marehemu, na aliporudi meza ilikuwa tupu.

Sasa sikilizeni kosa la aliyeiba, kosa la mtu asiyejua watu wa kompyuta. Yeye alidhani barua ni ile karatasi, kumbe barua ya watu hawa hutangulia hewani, marehemu alikuwa ameipata kwenye kompyuta tangu tarehe 22 Mei na ameshawajibu kwamba kampuni haihami, kwa kuwa wagonjwa wanaosubiri kwenye mabenchi wako hapa. Alichokuwa anasubiri ni zile fomu tu, ili kila kijana achague mwenyewe kukaa au kwenda. Mwizi alitaka kumzuia mtu ambaye hakuwa anakwenda popote, akawazuia waliotaka kwenda.

Marehemu aliwaita wote akawaeleza hivyo, lakini kati ya vijana kumi na mmoja, na tatu kasoro ile vichwani mwao, nani angesikiliza, sahihi ilikuwa ya Mzee wa Mapokezi, wakampa jina Mla Barua, na asubuhi wakipanda ngazi ilikuwa, "Mla Barua, leo umekula ngapi?" na, "Mzee, ya muhuri ina chumvi?" naye aliyepanga barua miaka thelathini anakoroga chai yake, na baada ya muda aliacha hata kukoroga. Walimwendea marehemu wakimtaka amfukuze, akakataa, akamwongezea mshahara, akasema sijui nani ameichukua, ila huyu siye, na anayetaka aondoke yeye.

Akaiandikia nchi ile mara tatu kuomba fomu nyingine na muda zaidi, zikaja mwezi Septemba, vijana watatu wakajaza, marehemu akawasindikiza hadi kituo cha mabasi akiwabebea mizigo, akawaambia, "Mkirudi viti vyenu vipo, mkibaki nitumieni picha." Mmoja alirudi mwaka 2018, ni yule mwenye shati jeupe, na leo ndiye mkuu wa waandishi wote. Ni waajiri wangapi mnaowajua wa namna hiyo? Mimi simjui mwingine, na ninajua mambo ya watu wengi.

Na ile barua ya kwenye kompyuta hakuiacha ikae bure, aliichapa akaenda nayo kwenye dirisha lile kwa mara ya nane, akamwambia karani, "Wenzetu wananipa hivi, ninyi mnanipa nini?" karani akasoma mara mbili, akamwita mkubwa wake, mkubwa akamwita wake, na mwaka uliofuata sharti la hesabu za faida likafutwa, si kwake tu, kwa kampuni changa zote, pamoja na zilizokuwa zimenyimwa. Msamaha ule ulipopatikana hakujenga nyumba, mnajua anapokaa, aliongeza mishahara, haikufika mara tatu, ilifika moja na nusu, na kila mfanyakazi akapewa hisa, Mzee wa Mapokezi akiwa wa kwanza, na hadi anafariki walikuwa wafanyakazi arobaini, na zahanati sitini na mbili zinaitumia programu yake.

Mwezi Agosti 2022 marehemu aligundulika kuwa na ugonjwa wa figo, akawa anakwenda kwenye mashine ya kusafisha damu mara mbili kwa wiki, akisubiri zamu kwa programu yake mwenyewe, na siku simu yake ilipomwandikia, "Mgonjwa namba 41, zamu yako imekaribia," alicheka mpaka muuguzi akaja kuona kuna nini.

Mwishoni mwa Oktoba mwaka huu wa 2024 muuguzi huyohuyo alimtania kwamba hana hata cheti, marehemu akaagiza aletewe cheti chake cha chuo, na mgeni mmoja, ambaye simtaji bado, akamletea bahasha nzima ya plastiki bila kuipekua, marehemu akaitikisa juu ya kitanda, na pamoja na cheti ikaanguka ile barua. Nami nilikuwepo chumbani, nilisikia kila neno.

"Mzee wa watu ametukanwa bure," marehemu alisema. "Miaka tisa."

"Nilidhani utaondoka," mgeni akasema.

"Bila kukuaga?"

"Ukimwita sasa nitakufa kwa aibu."

"Basi tufuate foleni, mimi kwanza kwa figo, halafu wewe kwa aibu. Siku ya kunizika, mbele ya wote, utasema. Mpaka hapo sisemi, na wewe usiseme."

Marehemu alifariki Jumapili, tarehe 17 Novemba 2024, saa nne asubuhi, mkono wake ukiwa umekunja ngumi, na safari hii ndani ya ngumi mlikuwa na vidole vya mkewe.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi ya figo, hasa yule mtani wake, majirani waliotupikia na kutuletea viti, na wafanyakazi waliochukua zamu za kukaa naye, na kati ya hao aliyekaa siku nyingi kuliko wote, akimsomea barua za wateja hadi anasinzia, ni Mzee wa Mapokezi.

Mzee, tafadhali simama watu wakuone. Enyi vijana, mgeukieni, na kila aliyewahi kumwita lile jina amwangalie usoni, kwa sababu hakula barua yoyote, mwanamke aliyekaa kwenye kiti cha wageni na bakuli la mchuzi ndiye aliyeikunja akaificha chini ya kifuniko.

Wifi, nilijua tangu naandika kwamba ukurasa wa kwanza hautaisha kabla hujainamisha kichwa kuangalia nyuma ya karatasi hizi, na duara la mafuta uliloliona ni la bakuli lako lililopotea. Nilimlea mdogo wangu mgongoni, sikutaka avuke mpaka, hiyo ndiyo sababu, na haitoshi, na Mzee wa Mapokezi ninamwomba radhi, akinipa nitashukuru, akininyima nitaelewa.

Nikigeuza karatasi sitaona tena maneno yangu, kwa hiyo la mwisho nilimalize kabisa. Mdogo wangu, Bwana Foleni, zamu yako imefika na benchi hukulikalia, pumzika kwa amani, aibu niliyokuahidi nimeileta. Ninyi wengine tazameni, muhuri ni ule mwekundu, na mkono ulioishika barua ni huu.

Sasa nageuza.