Kikombe Ambacho Shemeji Hakukionja

Ndugu zangu, mnanijua. Shule niliiacha darasa la tatu, na leo nina nyumba ya vyumba vinane karibu na mpaka wa Grande Barrière, yenye geti ambalo wapita njia hulipiga picha. Nilizoea kusema: hakuna aliyenishika mkono. Leo nimekuja kulifuta neno hilo.

Malaria ilinikamata. Nikavuka mpaka hadi Goma, nikajinunulia vidonge, nani wa kumfundisha tajiri? Siku ya tatu nikaenda kijijini Cyanzarwe kwa mdogo wangu. Shemeji, mke wake, akanipa pombe ya mtama, akakimbilia chungu kinachofurika, hakuonja. Na mnajua kwetu: mwenye nyumba huonja, ndipo mgeni anywe. Kesho yake mkojo wangu ulikuwa mweusi kama kahawa. Nikapiga kelele mtaa mzima: "Shemeji amenipa sumu!"

Sikula tena kwa mtu. Mke wangu alishafariki. Nilipika mwenyewe, sufuria nikaitia kufuli. Miaka minne! Nawaambia, kijiko kikigonga sahani katika nyumba tupu, kinasikika hadi darini. Mwaka wa tatu mdogo wangu akafa. Nilisimama kaburini, sikugusa hata maji ya msiba.

Malaria ikarudi. Vidonge vilevile, maji niliyochemsha mwenyewe. Mkojo mweusi tena. Nikaiangalia ile kufuli. Nani aliingia?

Hospitali wakapima damu: kimeng'enya, kile kitu kidogo mwilini kinachoilinda, ni dhaifu tangu kuzaliwa; dawa zile zinakishinda, damu inavunjika na kutoka na mkojo. Sikuelewa. Aliyenielewesha ni binti wa shemeji huyohuyo, anayesomea mambo hayo chuoni. Alikuja bila kuitwa, na kompyuta.

"Baba mukubwa, angalia. Hii si picha ya ndani yako. Kompyuta inapiga hesabu namna kimeng'enya kinavyotembea."

Vipande vyake viwili vilishikana, vikitikisika kama watu kwenye ngoma.

"Hiki kizima. Sasa hiki chenye kosa kama la kwako."

Kosa dogo, mahali pamoja tu. Vikalegea. Vikaachana.

"Kimoja peke yake hakifanye kazi," akasema.

Nililia, mimi mwenye geti. "Mama yako ananichukia?"

"Muulize. Mi nimekuja na kompyuta, sikuja na mama."

Nikaenda. Shemeji akamimina, akainua kikombe. "Ngoja nionje, tajiri, usije ukanifia tena."

Nikamshika mkono, nikanywa wa kwanza.

Asante madaktari, asante binti, asante shemeji uliyekaa pale nyuma. Ndugu, mwili ukibadilika, itaje kwanza dawa uliyokunywa, kabla hujamtaja mtu. Jumapili nakula Cyanzarwe. Ile kufuli inafunga banda la kuku. Lakini kiti cha mdogo wangu kiko wazi kando yangu, na huyo nimechelewa kumwomba msamaha.