Sista Agripina Anastaafu, Vidonge Vimefika kwa Kuchelewa

Baada ya miaka thelathini na mitatu ya utumishi, Sista Agripina Mughwai, muuguzi wa kliniki yetu ya ini, anastaafu tarehe 30 Juni. Kamati ya sherehe imeniomba niandike kwa furaha. Nitajitahidi.

Sista alianzia wodi ya wazazi, kisha akahamishiwa kliniki ya ini, jambo ambalo wengi wetu tulidhani ni adhabu. Huko ndiko alikokutana na Zefania, mkulima wa alizeti wa Misigiri, aliyekuwa na homa ya ini aina ya C. Ugonjwa huo unatibika kwa vidonge vya miezi mitatu. Zefania alikuwa na kadi ya bima na hakuwahi kukosa kuchangia. Bima ikamlipia kitanda, ikamlipia kutolewa maji tumboni, yakajaa tena, ikalipia tena. Vidonge vya kumponya havikuwemo kwenye kitita cha mafao, yaani orodha ya matibabu ambayo bima hulipia.

Sista alipiga simu makao makuu ya bima mpaka tukachoka sisi tuliokuwa tunasikiliza. Muziki wa kusubirishwa ulimkaa kichwani, siku moja akauimba kwenye mazoezi ya kwaya Utemini, na mwalimu wa kwaya akauliza pambio hilo zuri limetoka wapi.

Ofisa wa bima alipokuja Singida kwenye kikao cha wadau, Sista aliingia na Zefania, aliyeshikwa mkono na mdogo wake, Joshua. Ofisa akamwamkia Zefania shikamoo kwa adabu zote, kisha akaeleza kwamba suala lake linafanyiwa kazi. Sista akasimama.

"Mnalipia kutoa maji, hamlipii dawa ya kuyazuia," alisema. "Basi mwelezeni mwenyewe, yuko hapa."

Hakuna aliyemweleza. Kikao kikaenda kunywa chai.

Zefania alifariki kabla kitita hakijabadilishwa. Msibani Sista akasikia kwamba ndugu hao walinyoana kwa wembe mmoja tangu ujanani, akamng'ang'ania Joshua mpaka akapima. Naye alikuwa na kirusi. Safari hii vidonge vilikuwa vimeingia kwenye kitita, ila kwa kibali cha daktari bingwa, na bingwa yuko mkoa mwingine! Sista akampeleka mwenyewe, akiwa likizo. Joshua amepona.

Juzi alikuja kumuaga na dumu la mafuta ya alizeti. "Kaka ndiye angelileta hili," alisema. Sista alilipokea kwa mikono miwili, akakaa nalo mapajani huku foleni ikimsubiri. Hatukuwahi kumwona hivyo.

Asante, Sista, kwa ukali wako na kwa wagonjwa waliopona kwa sababu yake. Tunakuombea afya, mvua za kutosha shambani na wajukuu wasikivu. Tunaye mgonjwa mwingine wa ini, wa Iguguno, ambaye bado anafuata kibali cha vidonge mkoa mwingine. Hilo tuachie sisi, na ukisikia tumenyamaza, njoo utugombeze.