Bi. Getruda Qamara na Vitabu Vilivyorudi na Grisi

Tarehe 30 Juni 1984, Bi. Getruda Qamara anastaafu baada ya miaka ishirini na mmoja ya kuitumikia maktaba ya Mbulu. Wengi wetu tuliajiriwa tukamkuta, tukamwamkia shikamoo, na kabla ya saa nne tulikuwa tumeshapewa kitambaa cha kufutia vumbi.

Alianza mwaka 1963, maktaba ikiwa chumba kimoja chenye baridi karibu na soko. Vijana waliotengeneza baiskeli sokoni waliingia, wakatazama picha, wakatoka. Akawaombea vitabu vya ufundi. Vikaja vya Kiingereza. Basi kila siku baada ya kazi alikaa na Hermani, fundi wa magari: yeye akisoma, Hermani akieleza kwa Kiswahili cha gereji, kisha mama huyu akipiga chapa. Ndivyo kilivyopatikana kijitabu cha injini ya dizeli, kilichoshonwa kwa uzi wa magunia. Kila kilipoazimwa kilirudi na madoa ya grisi. Kitabu cha hadithi kingerudi hivyo, angefoka. Hicho alikipokea akitabasamu.

Mwaka 1975, watu wakiwa wamehamia kijiji kipya huko Daudi, mashine yao ya kusaga, ya dizeli, ilizimika na akina mama wakarudia mawe. Veronica Sulle, binti aliyemaliza darasa la saba na kukisoma kijitabu kile mara nyingi, aliomba kuifungua. Mwenyekiti wa kijiji alikataa: mashine ni ya wote, na spea hazipatikani. Bi. Getruda aliposikia alifunga safari, akamwamkia mzee, akasema:

"Mzee, mruhusu. Ikiharibika, mwandikie mkurugenzi wangu nifukuzwe kazi."

Mwenyekiti akakubali. Veronica alisafisha filta, lakini mashine ikakataa kuwaka. Watu wakaanza kuondoka na madebe yao. Bi. Getruda hakuondoka. Alikishika kijitabu wazi ili binti asome tena. Ndipo Veronica akatambua kwamba hewa imeingia kwenye bomba la mafuta. Akalegeza nati, mapovu yakatoka, akakaza. Mashine ikanguruma. Mwenyekiti alicheka mpaka akakaa chini, na Bi. Getruda alirudi Mbulu nywele nyeupe kwa unga.

Leo Veronica anafundisha ufundi Katesh, wilayani Hanang. Wanafunzi wake wanafungua redio na kuuliza habari za transista. Kwa ajili yao Bi. Getruda, akikaribia kustaafu, alianza kujifunza umeme, na pamoja na Veronica wametoa kijitabu cha redio. Jaribio lake la kwanza la kulehemu waya liliunguza kitambaa cha meza cha ofisi. Tumemsamehe.

Wiki iliyopita, wakati wa makabidhiano, Ndugu Ignasi anayempokea kazi alifungua kabati la ufundi akalikuta tupu. Akashtuka, akauliza kama vitabu vimeibwa.

"Hapana, mwanangu," Bi. Getruda akamjibu. "Vyote viko kazini."

Mama, asante kwa kutulea sisi na vijana wa wilaya mbili. Mungu akupe afya, shamba lizae, na ukija mjini siku za soko usitupite.