Mwalimu Niliyemfundisha Mimi

Basi la jioni lilikuwa na nafasi, mwanangu amenilalia kifuani, nami nilikuwa naelekea kwenye masomo yangu ya jioni. Kwenye kiti cha mbele yangu, fundi cherehani wa kiwandani alikuwa akimweleza jirani yake, mpishi wa shule, kwamba mashine mpya hazina pedali. "Mguu wangu bado unakanyaga, mwenzangu. Unakanyaga hewa, wasichana hawana mbavu kwa kicheko."

"Si ndiyo maana wamewawekea mafunzo?"

"Yanaanza leo. Asiyehudhuria anahamishiwa kufunga maboksi."

"Sasa unasita nini? Mimi na mvi hizi juzi nimefundishwa jiko la umeme."

"Jiko halina mdomo. Anayefundisha ni binti niliyemwonyesha mimi kutunga uzi sindanoni."

"Afadhali. Atakufundisha vilevile ulivyomfundisha."

Fundi akageukia dirisha. "Hapo ndipo penye woga. Nilimfumulisha kola moja mpaka akalia."

Nilijifanya namfunika mtoto, ambaye alikuwa amefunikwa tayari.

"Na siku hizi anashona vizuri?" mpishi akauliza.

"Ananishinda mimi."

"Basi nawe ukilia, utaijua hiyo mashine."

"Rahisi kusema. Si wewe utakayelia."

Basi likasimama mbele ya geti la kiwanda. Mpishi akageuza magoti kumpisha. Fundi alishika mkoba wake, hakuinuka, wala hakumwambia mwenzake arudishe magoti. Dereva akauliza kama kuna mwingine wa kushuka. Nikamwomba mimi asubiri kidogo.