Arvil Dotson Alipogawa Mbwa Wake

Wasikilizaji wapendwa, asubuhi hii tunamkumbuka Arvil Dotson. Wengi wenu mlimfahamu. Tulimzika Jumamosi, kule juu kwenye makaburi ya kina Dotson, ubavuni mwa mama yake. Ni mapafu yaliyomwondoa, mapafu ya mgodini. Nalisema hilo mapema, kwa sababu miaka mingi nyuma nusura aondoke kwa mkono wake mwenyewe. Arvil aliniruhusu niwaeleze. Dada yake, Oma, ameniruhusu pia.

Arvil alichimba makaa tangu ujana wake, hadi siku paa la mgodi lilipomwangukia mgongoni. Akapewa vidonge vya maumivu. Vidonge vilituliza maumivu, kisha vikaanza kummaliza yeye. Aliuza zana za baba yake ili anunue vingine. Aliuza hata mashine ya kanisa ya kukatia nyasi. Mkewe akaondoka, na Arvil hakumlaumu.

Hatimaye akakubali kutibiwa. Kila asubuhi alikunywa dawa ya kumsaidia kuacha vidonge kliniki, mbele ya muuguzi. Kila Alhamisi alikaa na wenzake wa matibabu, katika chumba cha chini cha kanisa. Oma ndiye aliyempeleka, maana Arvil alikuwa amenyang'anywa leseni. Alimngoja garini na bakuli la maharage na mkate wa mahindi, limefunikwa kwa taulo lisipoe. Hakumwuliza hata mara moja kwa nini amechelewa kutoka.

Sasa, kundi lile lina desturi. Ukishakaa miezi kadhaa bila vidonge, unawazungukia watu uliowakosea. Unaomba radhi. Unarudisha ulichochukua. Ukirudi, wenzako wanakupigia makofi.

Arvil alizunguka. Alimwomba radhi mkewe wa zamani. Alipeleka kanisani mashine nyingine ya nyasi. Akapigiwa makofi, na Oma akapiga kuliko wote. Vuli ile Arvil alikuwa mtulivu, hana ugomvi na mtu. Kila mmoja alisema amepona.

Siku moja Oma akakutana dukani na Hobert, jirani yao.

"Kaka yako amekuwa mtakatifu," Hobert akamtania. "Amenipa Jenerali. Bure!"

Jenerali alikuwa mbwa wa Arvil wa kuwindia rakuni, wale wanyama wadogo wa usiku.

"Jenerali? Amekupa Jenerali?"

"Miaka yote namwomba aniuzie, ananiambia bora nimwombe mguu wake. Leo kamleta mwenyewe, na kamba yake. Nikajua ni yale mambo yenu ya kuomba radhi."

"Kwani alikukosea nini?"

"Mimi? Hajanikosea kitu. Labda kunicheka ninavyokosa shabaha."

Oma akaacha kikapu chake palepale. Anayeomba radhi hurudisha cha mtu. Mbwa yule hakuwa wa mtu, alikuwa wa Arvil. Oma akaelewa kwamba kaka yake haombi radhi tena. Anaaga.

Alimkuta anafagia baraza. Nyumba nzima ilikuwa imepangwa vizuri mno.

"Arvil, unataka kujiua?"

"Dada, mdomo wako hauna breki! Nikimeza vidonge mnalia, nikiacha mnalia."

"Sijalia. Nimeuliza."

Arvil akaegemeza ufagio ukutani. Akakaa kwenye ngazi.

"Vidonge vilikuwa vinanyamazisha kila kitu, dada. Sasa nasikia kila kitu. Na ninyi nyote mnanipigia makofi. Ningemwambia nani?"

"Niambie mimi. Sina pa kwenda leo."

Hakumhubiria. Hakumgombeza. Alimsikiliza hadi alipomaliza, kisha wakapanda gari pamoja hadi kliniki. Arvil akalazwa kwa siku kadhaa. Dawa ya kuacha vidonge haikusimamishwa, ila huzuni nayo ikaanza kutibiwa.

Hobert akaja na Jenerali. "Mchukue," alimwambia Oma, "anakoroma kama trekta." Kisha akachukua bunduki zote za Arvil akazifungie kwake. Wala hakuuliza maswali.

Arvil akahamia kwa Oma. Aliishi, wasikilizaji wapendwa. Aliishi miaka mingi. Alilima nyanya, akatuletea hapa redioni hata tulipomwambia zimetosha. Siku mbaya zilikuwepo. Mara moja alirudia vidonge, na Oma akamwuliza tena lile swali. Na Alhamisi, mtu alipomaliza kuomba radhi na makofi kutulia, Arvil alimsogezea kiti. "Haya, hao ni wengine. Wewe mwenyewe je, unataka kuishi?"

Oma ameniambia kwamba siku ile aliogopa. Alidhani akilitaja neno lile atamtia kaka yake wazo. Baadaye Arvil alimjibu: "Wazo lilikuwepo, dada. Ambaye hakuwepo ni mtu wa kumwambia."

Kwa hiyo, mwenye ndugu kwenye matibabu, usidhani akiacha vidonge hatari imekwisha. Mpongeze. Halafu mwulize waziwazi, na ukae naye. Na kama ni wewe unayewaza kufa, usibaki peke yako na wazo hilo. Mwambie mtu leo. Piga simu kliniki, au piga hapa, tutakutafutia wa kwenda nawe.

Tunawapa pole ukoo wa Dotson, na Hobert, na wote wa Alhamisi. Pole sana, Oma. Asubuhi ya leo Oma yuko peke yake katika nyumba ile. Anayepita njia hiyo abishe hodi, amwulize hali yake, kisha asiondoke kabla ya kusikia jibu.