Mkono Uliosalimu: Kumbukumbu ya Harlan Ostby

Wasikilizaji wapendwa, poleni na upepo wa wiki hii. Mungu awatunze huko mliko, jikoni, zizini, au ndani ya pikapu njiani. Leo tunamkumbuka Harlan Ostby. Harlan Ostby wa hapa Cotter Springs, Wyoming, mfugaji wa kondoo, mume wa Ardis. Ametutoka Jumanne akiwa na miaka themanini na moja, na jana tumemzika. Nawaambia mapema, sikuja kuwaliza. Harlan ameondoka mshindi, na mshindi husindikizwa kwa shangwe.

Nani hakumjua? Mtu mrefu, kofia pana ya rangi ya vumbi, na bastola ya babu yake kiunoni, upande wa kulia. Upande wa kulia, lishikeni hilo. Siku ya ibada aliifungia garini. Siku nyingine alikwenda nayo wazi kila mahali. Ukimwuliza ya nini, alisema, "Nyoka mwenye njuga mkiani hapigi hodi."

Bi Ardis anacheka akikumbuka. "Ile bastola ilipakwa mafuta kila Jumamosi," aliniambia. "Mimi miaka hamsini na tano sijapakwa hata mara moja."

Sasa, wapendwa, mnajua maisha yetu. Wengi hapa tunabeba bastola hadharani, na askari wetu wa polisi wanajua. Tunapishana nao mlangoni mwa duka, tunasalimiana, tunaulizana habari za mvua. Amani hiyo haikuanguka kutoka mbinguni kama theluji. Ina desturi yake. Mkono ulio mbali na bastola ndio unaosalimu. Bastola iko kulia? Basi gusa ukingo wa kofia kwa mkono wa kushoto. Wa kulia utulie, uwe wazi, askari auone. Kuna watu wanaoona salamu ya kushoto kuwa utovu wa adabu. Kwetu ndiyo adabu yenyewe.

Na aliyewafundisha watoto wa mji huu salamu hiyo ni nani? Ni Harlan. Kila mwaka theluji ikiyeyuka, alifungua darasa la usalama wa bunduki pale ukumbini. Kabla mtoto hajagusa hata ganda la risasi, alisimamishwa mlangoni asalimu.

"Tena," Harlan angesema. "Tena, mama. Hiyo ni salamu au unafukuza nzi?"

Wanangu wote wawili walipita mlango ule. Na wa kwenu pia.

Kisha akaja Ruben Tafoya. Ruben alikuwa askari kijana kutoka jiji kubwa, amekuja na mkewe mjamzito na vyombo vichache. Baba yake alikuwa askari pia, na alipigwa risasi kazini, barabarani, na mtu aliyejifanya anamsalimu. Mzigo huo Ruben alikuja nao, na hakumwambia mtu.

Harlan ndiye aliyemkaribisha. Alimpelekea mguu wa kondoo, akamfundisha desturi yetu. "Afande," akamwambia, "hapa utaona bastola nyingi kuliko miavuli. Usitazame bastola, tazama mkono unaosalimu. Ukiwa ni ule wa mbali, umepata rafiki."

"Na ukiwa ni ule wa karibu?" Ruben akauliza.

"Hapa kwetu? Haitatokea."

Ikatokea.

Ilikuwa asubuhi ya jua kali, mbele ya duka la vyakula vya mifugo la Verlene Skaggs. Harlan alitoka na gunia la chakula cha kuku begani. Ruben alikuwa anakuja kutoka upande wa pili, jua likimpiga machoni. Ghafla watu wakasikia, "Mikono juu! Simama hapo hapo!" Ruben alikuwa amechomoa bastola yake, na imemwelekea Harlan Ostby kifuani.

Gunia likaanguka, likapasuka. Harlan akainua mikono yote miwili. Shomoro wakashuka kama walioalikwa harusini.

"Mikono iko juu, afande," Harlan akasema taratibu. "Lakini kuku wangu wanadhulumiwa."

Verlene akatoka na ufagio. "Wewe Ruben! Una wazimu? Huyo ni Harlan!"

Ruben akatazama tena. Akairudisha bastola mahali pake. "Nisamehe, mzee," akasema. "Nisamehe."

"Vuta pumzi, mwanangu," Harlan akamwambia. "Wote tuko hai. Tuanze na hilo."

Lakini mji haukuanza na hilo. Kabla ya chakula cha mchana habari ilikuwa imefika hadi machungani. Watu wakakasirika. Walioinua kofia kwa askari jana, leo wakageuza shingo. Mkuu wa polisi akaitisha mkutano ukumbini. Swali lilikuwa moja tu: Ruben Tafoya abaki au aondoke? Akiondoka hapa kwa jambo kama lile, hakuna mji mwingine ambao ungempa kazi ya askari. Na mkewe alikuwa karibu kujifungua.

Sasa sikieni alichokifanya Harlan nyumbani. Bi Ardis ndiye shahidi.

"Nilikuwa namenya viazi," anasema. "Nikamwona amesimama mbele ya kioo cha mlangoni, mto wangu wa sebuleni uko begani kwake. Anainua mkono, anashusha. Anainua, anashusha. Nikamwuliza, 'Baba, hiyo ni ngoma gani?' Akageuka. Uso umemshuka. Akaniambia, 'Ardis, ni mimi.'"

Ukumbini nilikuwepo, nimekaa nyuma na sufu yangu ya kufuma. Hata mshono mmoja sikufuma. Dwight Pruett, jirani yake Harlan, ndiye aliyeanza, na sauti yake mnaijua.

"Leo kamwelekezea Harlan," akapaza, "kesho atamwelekezea mke wangu!"

"Mkeo anakuona wewe kila siku na hajafa, hafi tena," Verlene akamjibu, lakini watu hawakucheka. Walikuwa na hasira ya kweli. Ruben alikaa mbele, kofia mapajani, hajitetei. Mkewe amemshika mkono.

Harlan akasimama. Akaomba gunia. Verlene akamletea moja la chakula cha kuku, naye Harlan akaliweka begani.

"Bega gani?" Harlan akauliza watu.

"La kushoto," wakajibu.

"Na mkono gani umelishika?"

"Wa kushoto."

"Basi siku ile nilimwona afande anakuja. Nikataka kumsalimu. Nilimsalimu kwa mkono upi?"

Harlan akashusha mkono wake wa kulia, ukapita jirani kabisa na bastola, ukapanda hadi kwenye kofia. Kila mtu aliuona. Mkono wa karibu. Mkono ambao miaka arobaini alitukataza.

"Desturi inasema, mikono ikiwa na mzigo, tua mzigo kwanza," akasema. "Mimi niliona uvivu kutua gunia. Kijana huyu alitazama mkono, kama nilivyomfundisha mwenyewe. Alikuwa mwanafunzi bora kuliko mimi mwalimu wake. Mkitaka kumfukuza mtu, mfukuzeni mwalimu."

Ruben akasimama. Hapo ndipo alipotuambia habari za baba yake. Kisha akasema, "Lakini na mimi, mzee, ningeweza kukutazama usoni kabla ya kuchomoa. Pumzi moja tu."

"Hiyo pumzi moja," Harlan akasema, "tutaifanyia mazoezi kwa kahawa. Njoo kesho."

Verlene akadakia. "Kwa hiyo, Harlan Ostby, umefeli darasa lako mwenyewe?"

"Nimefeli, mama."

"Basi urudie! Na watoto!"

Hapo ukumbi ukalipuka kwa kicheko. Hata Dwight alicheka, akaenda kumpa Ruben mkono. Mkuu wa polisi akasema maneno mawili tu: "Askari anabaki."

Na Harlan alirudia darasa. Wallahi, kama wasemavyo wengine; mimi nasema, Mungu ni shahidi. Alikaa kwenye kiti kidogo, magoti yamefika kidevuni, katikati ya watoto. Ruben akawekwa mlangoni awe msahihishaji. Harlan akaingia, akasalimu.

"Tena, mzee," Ruben akasema. "Hiyo ni salamu au unafukuza nzi?"

Tangu siku ile walikunywa kahawa pamoja. Mtoto wa Ruben alizaliwa, akapewa jina la Harlan.

Miaka miwili iliyopita Harlan akapata kiharusi. Miguu ilirudi, mkono wa kushoto haukurudi. Ulining'inia tu. Bi Ardis anasema hilo ndilo lililomvunja moyo. Hakutaka kwenda mjini bila bastola ya babu yake, na hakutaka kwenda nayo bila mkono wa kusalimu. Akakaa ndani. Wiki zikapita.

Ruben akaenda kumwona. Hakuhubiri. Alimwomba mkanda, akatoa ala ya bastola upande wa kulia, akaihamishia upande wa kushoto.

"Mzee," akamwambia, "desturi haikusema kushoto. Ilisema mkono wa mbali."

Harlan akaujaribu ule mkanda kiunoni. Kisha akasema, "Ardis, nipe kofia yangu."

Aliingia mjini siku hiyo kama mfalme. Aliinua mkono wa kulia kwa kila askari na kila jirani. Watu walitoka madukani kumwitikia.

Na jana, wapendwa, mlikuwepo wengi, mliona. Jeneza lilipotoka kanisani, watu walikuwa wamejipanga pande zote za barabara. Walikuwa wamehamisha bastola zao upande wa kushoto, kila mmoja. Askari wote wa wilaya pia. Ruben alisimama mbele, mkanda wake wa kazi ameugeuza, na mwanawe Harlan mdogo ubavuni. Kisha mikono ya kulia ikapanda kwenye kofia, barabara nzima, kwa pamoja. Hakuna aliyeamrisha.

Bi Ardis alisimama pembeni yangu. Akaitazama barabara ile yote. "Tazama," akanong'ona, "darasa zima limefaulu."

Pole sana, Bi Ardis. Poleni watoto na wajukuu. Pole Ruben na nyumba yako. Mungu aliyempa Harlan unyenyekevu wa kusema "ni mimi" awape na ninyi faraja.

Na sisi tuliobaki, tujiulize. Tukikutana na mwenzetu anayetuogopa, tutangoja hadi lini atuonyeshe mkono kwanza? Kesho asubuhi ukimwona, tua gunia lako. Msalimu.